Ukurasa Ambao Sikuuchapisha

Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka, nikawaambia warina asali waliojaa ukumbini kwamba ramani yao haitaonwa na mtu asiyehusika. Walikuwa wamenichokoza tangu asubuhi. Kila nilipotaja wingu walitazamana na kucheka, na mzee mmoja akauliza mvua ikinyesha ramani itamwangukia nani. Mimi si mtu wa kuchekwa. Nina hasira za karibu, sijawahi kuzificha, na siku ile niliapa mbele yao kwa jina la Mungu na la marehemu baba yangu.

Walikuwa na haki ya kuogopa. Wanunuzi wa nje walitaka kila mzinga wa ushirika wetu ujulikane ulipo, mti kwa mti, ndipo waikubali asali kuwa safi. Lakini huku kwetu Tabora mrina asali hamwonyeshi mtu mti wake. Huzunguka njia tatu kabla ya kuufikia, na wengine hufa bila kumwambia hata mke. Mtu akikutwa chini ya mzinga usio wake haulizwi jina. Nimekua nikiona wanaume wenye makovu ya panga begani, na ukiuliza unaambiwa tu, ni mambo ya msituni.

Basi nikawaeleza. Wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, sisi tunapanga nafasi humo kama mtu anavyopanga chumba. Chumba chetu mimi, mtu wa kompyuta wa ushirika, nilikiwekea sheria. Watu watatu tu waliruhusiwa kuifungua ramani: meneja, mkaguzi wa asali na bwana nyuki wetu, mtaalamu wa ufugaji. Anayetaka kuongezwa sharti ajaze fomu, aseme ni nani, anataka kuona nini na kwa sababu gani, na wawili wamkubalie. Kila anayeingia anaandikwa siku na saa, kama daftari la getini, na daftari hilo nilikuwa nimelifunga lisifutike, kwa kufuli ambayo hata mimi siwezi kuivunja kabla ya miaka saba. Mimi mwenyewe, niliwaambia, nashika milango yote lakini chumbani siingii. Hapo waliacha kucheka. Nikajiona mwanamume.

Kilichokuwa cha kweli, ambacho sikukisema, ni kwamba anayeshika milango anaweza kubadilisha nywila ya mtu yeyote. Nilijiambia jambo hilo halina haja ya kusemwa, kwa kuwa mtu huyo ni mimi.

Bwana nyuki ndiye aliyeichora ramani hiyo kwa miguu yake. Miezi sita alitembea porini na kifaa cha kupimia, akavimba uso kwa kuumwa, akarudi anajua kila mti wenye mzinga, mninga kwa mtundu, kutoka Ntalikwa hadi misitu ya kusini. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi. Ana uraia wa nchi hii kama mimi, ila watu wakimkasirikia wanamwita Mrundi, na mimi nilipata kumwita hivyo mara mbili. Tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Yeye alilalamika kwamba sheria zangu zinamtaka abadili nywila kila mwezi hata akiwa porini kusikokuwa na mtandao, akanipachika jina la askari wa mawingu, na ofisi nzima ikalichukua. Nilimchukia kwa jina lile kuliko nilivyopaswa.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa mama mkwe wangu. Hapo sharti nieleze, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Wengi mjini wameacha. Yeye hakuacha, na mimi sikuthubutu. Kwenye mikutano nilikaa mwisho kabisa nikiwa nimewapa watu ubavu, na neno lake kwangu lilipitia kwa mtu wa tatu hata kama sote tumelisikia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, nilimjua kwa sauti na kwa miguu.

Alikuwa mjane. Mumewe aliacha mizinga mingi, na matanga hayajapoa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliichukua yote akaenda kuitundika kwingine, kwa hoja kwamba mizinga ni mali ya ukoo na mwanamke hapandi mti. Wazee wakamuunga mkono. Mama mkwe hakulia wala hakushitaki. Aligombea uenyekiti wa ushirika, akaupata kwa ukali tu, na kwa miaka minne akawa anakaa meza kuu akimtazama shemeji yake katika kila mkutano.

Jumatano moja mchana alikuja ofisini. Meneja alikuwa Nzega, bwana nyuki alikuwa Ulyankulu akimzika mama yake, nami nilikuwa peke yangu. Nikasikia ndala zake barazani, nikasimama na kuugeukia ukuta. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kupitishia maneno, basi akauambia mlango. Aliuambia mlango umweleze mkwe wake kwamba mwenyekiti anataka kuiona mizinga ya marehemu mume wake ilipo, atazame tu, na kwamba hajapata kumwomba mkwe huyo kitu tangu amuoe binti yake.

Ningefanyaje? Fomu inauliza sababu. Nimuulize mama mkwe sababu, kwa kupitia mlango? Sheria zile niliziandika nikiwa na wezi kichwani, na wajuaji, na wafanyakazi wavivu. Sikuziandika nikimfikiria mtu ambaye siwezi kumtazama. Nikabadilisha nywila ya bwana nyuki. Simu yake ya ofisi aliniachia kwenye droo alipokwenda msibani, namba ya kuthibitisha ikaingia humo, nikaifungua ramani, nikaiweka simu juu ya kiti karibu na mlango. Kisha nikatokea mlango wa nyuma nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, maana kubaki naye chumbani nikachungulia anachofanya lilikuwa jambo lisilofikirika. Nilikaa huko hadi niliposikia ndala zikiondoka. Simu niliikuta juu ya kiti, imelazwa kifudifudi. Nikaizima, nikairudisha kwenye droo, nikaenda kula wali maharage.

Wiki mbili baadaye waliichoma mizinga ya yule shemeji wa mama mkwe. Nilikwenda kuona. Miti ilikuwa imekatwa kwa shoka ili mizinga ianguke, kisha ikarundikwa na kutiwa moto pamoja na masega na nyuki wake. Mbwa wa kambi yake ya asali walimkata kichwa, na mzee mwenyewe, aliyewakuta wakimalizia, walimvunja taya kwa mpini wa shoka. Alikuwa amekaa chini anatoa damu puani, nyuki waliobaki wanazunguka kichwa chake, na hakuwa anawafukuza. Niliona kwamba kiapo changu kimetemewa mate. Sikumwonea huruma kama inavyostahili. Nilikasirika kwa ajili yangu.

Nikarudi mjini, nikalifungua daftari la mlango. Kwa mwezi mzima kipande kile cha ramani kilikuwa kimefunguliwa na akaunti moja tu, ya bwana nyuki, Jumatano, saa saba mchana. Nikasema, nilijua. Nataka nieleweke hapa: niliiona siku, niliiona saa, na macho yangu yakaenda kwenye jina yakabaki hapohapo, kwa sababu jina lilikuwa la mtu niliyetaka liwe lake. Ukurasa wa pili wa daftari, unaoandika nani amebadilisha nywila ya nani, ulikuwepo. Sikuuchapisha. Nilichapisha ule wa kwanza, nikapanda pikipiki, nikaupeleka kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji cha yule mzee, mkulima wa tumbaku mpole wa sauti ambaye sijapata kumsikia akitukana.

Asubuhi yake mbiu ilipigwa na watu wakajaa uwanja wa mnada. Ukipigwa mwito wa sungusungu huwezi kubaki nyumbani. Anayebaki ndiye wa kwanza kushukiwa. Wanaume walikuwa na fimbo mbichi. Mama mkwe alikuwa mbele, kwenye kiti cha wageni. Bwana nyuki aliitwa kama shahidi wa mipaka ya mizinga, akaja amevaa shati lake jeupe la kazi na kalamu mfukoni, akanisalimia. Nami sikumwitikia.

Nilisoma kwa sauti. Jina, siku, saa. Sikumaliza mstari, fimbo ya kwanza ikamwangukia shingoni kutoka nyuma, akapiga magoti. Akasema kwa nguvu, akinitazama mimi, si wao:

"Jumatano ile nilikuwa Ulyankulu namzika mama. Simu nilimwachia huyu, kwenye droo."

"Kila mwizi huwa na msiba," akasema kamanda kwa upole wake, na ya pili ikampata mdomoni.

Hapo nilikumbuka. Kila kitu kwa mara moja, mlango, kiti, tangi la maji. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikageuza macho nilikozoea kuyageuza, nikaona miguu ya mama mkwe ndani ya ndala. Haikusogea.

Nimeyarudia mawazo ya dakika zile mara nyingi kiasi kwamba siyaamini tena yote. Najua nilifikiri kuhusu mke wangu. Nilifikiri kwamba mtu kumtaja mama mkwe wake mbele ya fimbo ni kitu ambacho hata wajukuu wangu wangetupiwa. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na kitu chepesi zaidi: nilikuwa mwoga. Niliziona zile fimbo zinavyopanda na kushuka, nikasikia sauti zinavyobadilika zikitoka kwenye nyama kwenda kwenye mfupa, na mwili wangu ukakataa kusema. Walimwita Mrundi. Walimwambia arudi kwao, mtu aliyeijua misitu yao kuliko wao. Mwanamke mmoja ambaye bwana nyuki alimtengenezea mzinga wa kisasa bila malipo alipita kati ya wanaume akampiga kwa mwiko wa ugali alioubeba kutoka nyumbani. Yule mzee wa taya iliyovunjika alikuwa ameegemea mti, anatazama, mate na damu vinamchuruzika, na sijui alifurahi au hakufurahi.

Alipoinua mkono wa kulia kukinga kichwa, mfupa ulivunjika kwa sauti ambayo watu wa nyuma kabisa waliisikia. Mkono ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Ni mimi! Akaunti ni yake lakini aliyefungua ni mimi."

Walisimama kidogo tu, kwa muda wa kupumua. Kisha wakahamia kwangu. Sikuwahi kupigwa na watu wengi. Hasira zangu zote, za maisha yangu yote, hazikunisaidia kwa fimbo hata moja. Meno mawili yalitoka mapema, na jicho la kushoto likafunga. Kamanda aliinama akaniuliza nilifungua kwa ajili ya nani, na nikiwa na mdomo umejaa damu nikasema, kwa ajili ya ukaguzi. Hata hapo nilidanganya. Mtu akaniwekea mguu kifuani, mwingine akasema waletewe petroli, na nikasikia kweli dumu likigongwa kwenye bomba la pikipiki.

Ndipo kikaniangukia kitu kizito chenye harufu ya ugoro na sabuni ya mche. Kwanza nilidhani wamenitupia gunia. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amelala juu yangu, mwili mzima, kifua chake juu ya uso wangu, na kanga yake ametufunika nayo sote wawili. Fimbo mbili zilizokuwa hewani zilimpata yeye mgongoni kwa kuwa wenyewe hawakuwahi kuzizuia, kisha hapakuwa na nyingine. Wanaume wazima waligeuza nyuso. Waliokuwa tayari kunichoma hawakuweza kutazama mwanamke amelala juu ya mkwe wake, na kamanda akavua kofia akatazama chini.

"Ni mtoto wetu," akasema kwa sauti, akiwaambia wao. Kisha akaniambia sikioni, neno lake la kwanza kwangu bila mlango wala mtu katikati, "Nilisema wakaitundue. Sikusema wachome."

Niliokolewa hivyo. Bwana nyuki alikuwa hatua sita kutoka pale nilipo, amelala kwa ubavu kwenye vumbi, mkono wake chini yake. Hakuna aliyemfunika. Mwenye kumfunika alikuwa amezikwa Ulyankulu wiki mbili zilizopita, na sisi wengine hatukuwa watoto wa mtu mmoja naye.

Tulipelekwa hospitali kwenye gari moja, katika bodi ya pikapu iliyokuwa imebeba tumbaku, mimi upande huu na yeye upande ule. Barabara ile ndiyo ile waliyopita babu zetu wapagazi na mizigo ya watu vichwani, na kila shimo alilipokea kwa mkono uliovunjika. Hakunitukana. Hilo lilinitisha, kwa sababu mimi ningemtukana.

Siku ya tatu meneja alinipigia simu wodini. Hakuniuliza hali. Alitaka kujua kama ukurasa wa pili wa daftari unafutika, ule wa nywila, kwa vile polisi wameanza kuulizauliza na jina la ushirika litachafuka kwa wanunuzi. Nikamwambia haufutiki. Akasema mimi ndiye mwenye funguo. Nikamwambia kufuli ile niliifunga na kuutupa ufunguo, nami kwa mara ya kwanza sikujivunia bali nilishukuru, maana kama ungefutika, ningeufuta siku ileile ya Jumatano. Ninajijua.

Polisi walipokuja nilisema yote. Nilimtaja mama mkwe kwa jina lake kamili, jina ambalo sikuwahi kulitamka kinywani mwangu, na mkuu wao ilibidi anitake nirudie mara mbili kwa sababu ya meno. Walimchukua yeye pamoja na ndugu wawili wa mke wangu waliokwenda na shoka. Walimchukua kamanda na wengine sita. Mke wangu alikuja jioni na chupa ya uji, akaiweka juu ya kabati, akanitazama jicho lililofunga na lililofunguka, akaondoka. Uji ulikuwa na sukari ya kutosha. Hajarudi hadi leo, na sijaenda kwao kumfuata, kwa kuwa sijui ningeingilia mlango gani.

Baada ya hapo nilijiona nimesafika. Nasema kweli, hivyo ndivyo nilivyojisikia: nimevunja nyumba yangu kwa ajili ya haki, basi tumelingana. Nikajikokota hadi wodi ya mifupa, nimeshika ukuta, kwenda kumwambia. Njiani nilipanga maneno, na katikati ya maneno hayo nilishaanza kumsikia akiniambia yamekwisha.

Alikuwa amelala chali, mkono kwenye hogo la plasta hadi begani, midomo imeshonwa nyuzi. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamweleza kwamba jina lake limesafishwa, kwamba polisi wana kurasa zote mbili, kwamba nimemtaja hata mama wa mke wangu. Nilisema nimechelewa kusema pale uwanjani, na kwamba najuta. Alinisikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wazee porini wakimwelekeza miti yao, bila kunikatiza.

"Ulikumbuka kwenye fimbo ya ngapi?" akauliza.

Hili halikuandikwa popote. Ningeweza kusema yoyote. Ningeweza kusema ni pale mkono ulipovunjika, na ingeingia akilini, maana ndipo nilipopiga kelele. Aliningojea. Alikuwa na jicho moja jekundu kabisa, na hakulipepesa.

"Ya pili," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu ambayo alishaifanya.

"Zilifika thelathini na moja," akasema. "Nilikuwa nazihesabu nisizimie. Kila moja nilisema, inayofuata atasema."

Akageuza uso kuelekea dirishani, kisha akaniomba, kwa adabu, nikipita nimwite nesi kwa sababu dripu yake imekwisha.